Msala wa Nyumbani: Maji Yatoka Wapi, Nayo Yaenda Wapi?

Mtu akipita Mlimba na vijiji vilivyo kando ya reli ya TAZARA ataona nyumba nyingi nzuri za tofali za kuchoma, zimeezekwa bati, madirisha yana nyavu, na barazani mna viti vya wageni. Lakini akiomba mahali pa kutawadha, huenda akaelekezwa nyuma ya nyumba, penye kibanda cha matete na viroba, na ndani yake mbao tatu zimelazwa juu ya shimo. Juu ya mbao hizo hizo ndipo watu wa nyumba wajisaidiapo, ndipo waogapo, na ndipo baba mwenye nyumba achukuapo udhu wa alfajiri. Sebule imejengwa kwa ajili ya mgeni ajaye mara moja kwa mwezi. Msala, ambao kila mtu wa nyumbani huuingia mara nyingi kila siku, umeachwa uwe kazi ya mwisho, kazi ya masalio ya mbao.

Makala haya yasema juu ya kuugeuza msala wa namna hiyo uwe choo na bafu vya kudumu, kwa mikono ya wenye nyumba wenyewe. Hatusemi juu ya marumaru za kung'aa. Twasema juu ya swali moja ambalo asiyeliuliza kwanza huweza kupoteza saruji yake yote: maji yataingia msalani kwa njia gani, na yakiisha kutumika yatakwenda wapi?

Natufanye hesabu kidogo. Tuchukue nyumba ya watu saba, kila mmoja aoga mara mbili kwa siku kwa ndoo ya lita 20. Hizo ni lita 280 kila siku ziingiazo shimoni. Ama uchafu wenyewe wa binadamu, ukiisha kuoza na kushikana chini, wataalamu huukadiria kuwa karibu lita 40 kwa mtu mmoja kwa mwaka, kwa watu watumiao maji kujisafisha. Watu saba ni lita 280. Tazama ajabu ya hesabu hii: tarakimu ni ile ile, ila ya pili ni ya mwaka mzima, na ya kwanza ni ya siku moja. Basi kinacholijaza shimo la choo katika bonde letu si choo. Ni maji ya kuogea. Ndiyo yaliyolainisha kingo, ndiyo yaliyoozesha mbao, na siku za masika, ardhi ikiwa tayari imeshiba mvua, ndiyo huusukuma uchafu utokeze juu ya ardhi au upenye chini kwa chini hadi kisimani.

Na kisima cha bondeni hakiko mbali na hatari. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi ya Tanzania, mkoa wa Morogoro ukiwa mmojawapo. Ugonjwa huo haurushwi na upepo. Hupita katika maji na katika mikono iliyogusa uchafu, na mtoto mdogo aharae asipopewa maji ya kutosha huweza kufa kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo mwenye kutenganisha maji ya bafu na shimo la choo hatengenezi pambo la nyumba tu.

Jambo hili la kutenganisha si geni katika dini yetu. Mtume Muhammad s.a.w. alikataza mtu kukojoa mahali aogeapo, kwani huzaa wasiwasi: muogaji hubaki akijiuliza kama tone lililomrukia ni la maji tohara au ni la najisi. Katika Sunan ya Ibn Majah, aliyefariki mwaka 273 wa Hijra, yaani 887, imenakiliwa fahamu ya mwanachuoni mmoja, Ali bin Muhammad al-Tanafisi, kwamba katazo hilo lahusu mahali pa udongo ambapo maji hutuama. Ama zama zake yeye, kwa kuwa mabafu yalikwisha kusakafiwa kwa jasi, saruji na lami, mtu akikojoa kisha akamimina maji, hapana ubaya. Neno la Kiarabu lililomo ni *saruj*, nalo ndilo asili ya neno letu saruji, ingawa saruj ya siku zile ilikuwa ni mchanganyiko wa chokaa na majivu, si huu unga wa mifuko ya kilo 50. Zaidi ya miaka elfu moja imepita, na bado tofauti kati ya bafu lenye wasiwasi na bafu lisilo na wasiwasi ni ile ile: sakafu ngumu iliyoinama, na maji yenye njia ya kuondoka.

Wala watu wa pwani yetu hawakuwa nyuma. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, vimefukuliwa vyoo vya mawe ndani ya nyumba za karne nyingi zilizopita, na kando yake mahali pa kujisafishia. Katika nyumba za kale za Lamu hujengwa birika la maji bafuni, chini yake limepachikwa bakuli la kaure, na ndani huwekwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua, samaki hukusanyika bakulini wasife. Waliojenga hivyo walifikiri kwanza juu ya maji, kisha juu ya kuta.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Mashauri yaanze jikoni, si barazani. Anayejua msala una upungufu gani ni mama wa nyumba na mabinti, maana ndio wachotao maji, ndio waoshao watoto, na ndio waogopao kutoka usiku wa manane. Waulizwe mlango uelekee wapi ili mtu asionekane kutoka njiani. Waulizwe ndoo itatuliwa wapi, na taa itaning'inizwa wapi. Bibi mzee aulizwe kama aweza kuchuchumaa. Ikiwa hawezi, basi nguzo ya kushikia ipangwe tangu mwanzo iingie ukutani, na kitengenezwe kiti cha mbao chenye tundu, cha kuweka juu ya sinki na kuondoa. Nimeona vyoo vizuri sana ambavyo wazee wa nyumba hawakuweza kuvitumia, kwa sababu vijana walijenga kwa kipimo cha magoti yao wenyewe.

Kazi ifanywe kiangazi, baada ya Juni, lakini kipimo cha maji ya ardhini kichukuliwe masika. Mwezi wa Aprili teremsha kamba kisimani, ukatazame maji yako umbali gani kutoka usawa wa ardhi, ukaandike. Kitako cha shimo la choo hakina budi kiwe juu ya maji hayo kwa mita 1.5 au 2, na shimo liwe mbali na kisima kwa mita 30, tena upande wa mteremko wa chini. Kisima cha jirani kihesabiwe kama chako. Palipo na maji ya karibu, kama ilivyo sehemu nyingi za bonde hili, usishindane na ardhi: kina hupunguzwa, upana huongezwa. Shimo la upana wa mita 1 lenye mita 2 za kutumika huchukua lita 1,570 hivi, na kwa nyumba yetu ya watu saba hiyo ni miaka mitano na zaidi. Shimo la upana wa mita 1.5 lenye mita 1 tu za kutumika huchukua lita 1,760, yaani linalishinda lile refu. Sehemu ya juu ya shimo hilo pana yaweza kujengwa juu ya usawa wa ardhi, na udongo ukarundikwa kulizunguka, mradi sakafu ya choo nayo iinuliwe kwa kadiri hiyo.

Tofali za kuta za shimo upande wa chini zipangwe na kuachiwa nafasi wima zisizotiwa udongo wala saruji, ili maji yapenye. Nusu mita ya juu ishikanishwe barabara kwa saruji. Hapa nawaonya vijana. Kuchimba mita moja ni kazi ya nyumbani. Kushuka zaidi ya hapo katika udongo wenye mchanga, bila kuta kujengewa, si ushujaa. Kingo za bonde hubomoka bila kutoa habari. Kazi hiyo mpe aijuaye, na asiwe shimoni peke yake.

Choo chenyewe kisikae juu ya shimo. Sinki la kuchuchumaa, ambalo shingo yake iliyopinda hubaki na maji daima, likiungwa kwa bomba la plastiki la inchi 4, laweza kuwa karibu na nyumba na shimo likawa nje, mita tatu au nne. Bomba hilo literemke sm 3 kwa kila mita: mita 4 ni sm 12. Lita 2 au 3 za maji zatosha kusukuma, na maji ya kujisafishia yenyewe husaidia. Maji yale yaliyobaki shingoni ndiyo mlango: harufu haipandi, inzi hashuki. Kwa kuwa bomba lahitaji mteremko, sakafu ya choo hulazimika kuinuliwa sm 45 hivi juu ya ardhi. Hilo lisikusikitishe, maana maji ya masika yakifurika uani hayataingia. Weka ngazi tatu fupi za sm 15, na kishikio pembeni.

Palipo na shida ya maji shauri ni jingine. Hapo shimo libaki chini ya choo, lifunikwe kwa zege lenye tundu, na bomba la hewa lipande juu ya paa likiwa na wavu mdomoni. Namna hiyo ilibuniwa na Peter Morgan katika nchi iitwayo sasa Zimbabwe, miaka ya 1970, nayo imeenea Afrika nzima. Wako pia wauzao mabakuli ya plastiki, kama yale ya SATO, yenye kifuniko kinachojifunga chenyewe baada ya maji kupita. Hupachikwa katika tundu la zege, na bei yake si ya kutisha.

Nimetaja inzi, mbu naye asisahauliwe. Jina la Ifakara limejulikana duniani kwa utafiti wa malaria tangu maabara ya Waswisi ilipoanzishwa pale miaka ya 1950, nayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Lakini mbu azaliwaye katika mashimo ya vyoo ni mwingine, yule apendaye maji machafu, na huyo katika pwani na visiwa hueneza ugonjwa wa matende na mabusha. Huko Makunduchi, kisiwani Unguja, mwaka 1988 watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki nyeupe, zile za kupakia vyombo visivunjike, juu ya maji ya mashimo ya vyoo. Punje zilielea zikatanda kama blanketi, viluwiluwi wakakosa pumzi, na mbu wakapungua mno. Maana yake kwetu ni kwamba kifuniko cha shimo kisiwe na ufa hata mmoja. Pitapo mwanga, mbu naye hupita.

Ama upande wa kibla, mjenzi ana nafasi ambayo mpangaji wa nyumba ya mtu hana. Mtume s.a.w. alikataza kuielekea kibla au kuipa mgongo wakati wa haja. Sahaba Abu Ayyub al-Ansari alisimulia kwamba walipofika Sham walikuta vyoo vimejengwa vikielekea kibla, ikawabidi kugeuka pembeni na kumwomba Mungu msamaha. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi wamelegeza kwa choo kilichozungukwa na kuta, walakini mwenye kujenga upya ana udhuru gani? Kutoka Mlimba kibla iko karibu kaskazini kabisa, ikiegemea mashariki kidogo tu. Basi sinki lilazwe ili mwenye kuchuchumaa atazame mashariki au magharibi. Usitegemee ukuta wa nyumba kukuongoza: bonde na reli vimelala kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi, na nyumba iliyojengwa sambamba na reli imekaa mshazari. Chukua dira, au tazama jua likichomoza, ukalipindue sinki kidogo kabla zege halijamwagwa. Baada ya zege ni kubomoa.

Chumba cha urefu wa mita 2.6 na upana wa mita 1.3 kwa ndani chatosha kugawanywa mara mbili kwa ukuta mwembamba: upande huu choo, upande huu bafu, kila kimoja na mlango wake. Mtoto akiwa chooni, baba hangojei udhu. Chini patandazwe mawe na kushindiliwa, kisha zege la sm 8 kwa kipimo cha karai moja la saruji, mawili ya mchanga na manne ya kokoto. Juu yake sakafu ya saruji moja kwa mchanga minne, ikipigwa niru. Kuta zipigwe ripu hadi mita 1.2, kimo cha marusho ya maji. Kwa sakafu, ripu na kifuniko cha shimo, mifuko mitano ya saruji itafika, na wa sita uwekwe akiba. Tofali za kuta na za shimo zina hesabu yake mbali. Mchanga uwe wa mtoni uliooshwa. Wenye kuchota mchanga wenye udongo kwa sababu uko karibu huiona niru yao ikimenyeka kabla ya mwaka kwisha.

Mteremko wa sakafu ya bafu ndio mtihani wa kazi yote. Sm 2 kwa kila mita zatosha, kuelekea tundu moja la pembeni. Pimamaji isipopatikana, mpira mwembamba unaoonyesha maji hutoa usawa ule ule. Bomba na tundu vikiisha kuwekwa, kabla ya kufunika kitu chochote, mwaga ndoo nzima ya maji ukasimame kutazama. Likibaki dimbwi hata la ukubwa wa kiganja, rekebisha siku hiyo hiyo, kwani dimbwi hilo ndilo wasiwasi wa udhu wa miaka ishirini ijayo. Sakafu ikiisha kupigwa ifunikwe magunia yaliyoloweshwa, yamwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba, na asikanyage mtu. Saruji haikauki kwa jua, hushikana kwa maji. Na mwenye haraka ya siku saba hununua nyufa.

Maji ya bafu yapelekwe kwa bomba lake katika shimo dogo lililojazwa mawe, au yaongozwe kwenye migomba, ambayo huyanywa kwa furaha. Yasiungwe kabisa na shimo la choo. Ndiyo zile lita 280.

Imebaki ndoo. Katika madhehebu ya Shafi maji yasiyotimia kulatein, ambayo hukadiriwa kuwa lita 200 au zaidi kidogo, yakiguswa na najisi hunajisika hata kama rangi na harufu havikubadilika. Ndoo ya lita 20 iko chini ya kipimo hicho kwa mbali. Tone moja likiruka kutoka sakafuni, ndoo nzima imeharibika, na aliyeichota kisimani ni binti wa nyumba. Jenga kiti cha tofali bafuni, kimo cha goti au zaidi, uweke juu yake chombo chenye kifuniko na bilula chini. Mkono hauingii ndani, tone halifiki, na maji kidogo yatosha udhu wa watu wengi. Kipande cha sabuni kiwe hapo hapo na kingine mlangoni pa choo.

Wazee wetu waliosikiliza kipindi cha Mtu ni Afya redioni mwaka 1973, wakati watu wazima wapatao milioni mbili walipojifunza kwa vikundi nchi nzima, walishika majembe wakachimba vyoo kwa wingi usiopata kuonekana. Mengi ya mashimo ya siku zile yalikwisha jaa, na lile la nyuma ya nyumba yako laweza kuwa mtoto au mjukuu wa mojawapo. Usiliache wazi siku ya kuhamia msala mpya. Liondolewe mbao, litiwe majivu au chokaa, kisha udongo, na udongo urundikwe juu kiasi cha nusu mita, maana utashuka. Mzunguko wake uwekewe miba mpaka masika moja ipite, watoto wasicheze juu. Mboga za kuliwa mbichi zisipandwe hapo. Mpapai au mgomba hustawi. Mbao za zamani, hata zikionekana nzima, zisirudishwe jikoni kuwa rafu, zichomwe.